Kabla ya Kupiga Windo

 

Leo nazungumzia kompyuta ya mezani ambayo jana ilifanya kazi mpaka jioni na leo asubuhi inakataa kuwaka. Taa yake inawaka, feni inazunguka, jina la kampuni iliyoitengeneza linatokea kwenye kioo, kisha yanakuja maandishi meupe kwenye kioo cheusi, yakisema kwamba mashine haioni diski ya kuwashia. Ikifika hapo, neno la kwanza kutamkwa mjini kwetu Makongolosi, wilayani Chunya, ni hili: "Ipigwe windo." Yaani diski ifutwe na Windows iwekwe upya. Nami nasema, hapana. Windo liwe la mwisho. Kabla yake kuna uchunguzi, na uchunguzi huo tunapaswa kuujua, kuudai na kuulipia.

Jambo hili ni zito kwetu kuliko linavyoonekana. Steshenari ya Makongolosi ni ofisi ya kila mtu. Mzazi anachapishiwa pale fomu ya mtoto ya kujiunga na shule. Kijana anajaziwa maombi ya Bodi ya Mikopo. Wenye duara, yaani shimo la uchimbaji, wanaandikiwa mkataba wa ubia, nani katoa mtaji, nani katoa nguvu, na mawe yakitoka yatagawanywa vipi. Mwenye karasha, mashine ya kusaga mawe, anaweka hesabu ya viroba vya mawe. Chama cha msingi cha wakulima wa tumbaku kinatunza orodha ya wanachama na kilo zao. Vyote hivyo vinaweza kuwa ndani ya diski moja, katika boksi moja lililo chini ya meza. Diski hiyo ikifutwa kwa pupa, hasara haimwishii mwenye duka. Inamfikia mkulima anayedai malipo yake, na inamfikia mchimbaji ambaye nakala ya mkataba wake ilibaki pale tu.

Sasa tuingie ndani ya boksi. Ukibonyeza kitufe cha kuwashia, windo haliamki kwanza. Inayoamka ni programu ndogo inayokaa kwenye mazabodi, ule ubao mkuu unaounganisha vifaa vyote, na mafundi wanaiita bayosi. Inakagua ramu, inakagua kadi ya picha na kibodi, kisha inasoma orodha yake: niwashie kwenye diski ipi, na kwa utaratibu upi? Ikishaipata diski hiyo, inasoma sehemu fupi ya mwanzo yenye maelekezo, inayakabidhi maelekezo hayo usukani, na hapo ndipo windo linaanza kupanda. Kwa hiyo kuna hatua tatu: mashine kujikagua, mashine kuiona diski, na diski kuwasha windo. Kosa linaweza kukaa katika hatua yoyote kati ya hizo, na kila hatua ina tiba yake. Kupiga windo kunagusa hatua ya tatu peke yake. Kama kosa liko katika ya kwanza au ya pili, utafuta kazi za watu, utalipa hela, na kesho kutwa mashine itarudi palepale.

Mchimbaji wa machimbo ya Lupa hapigi baruti kabla hajajua mwamba unaelekea wapi. Na kompyuta tuichunguze hivyo hivyo.

Hatua ya kwanza haitachukua muda wetu. Kama kioo hakionyeshi chochote, hata jina la kampuni, basi diski haihusiki. Tazama waya wa kioo, tazama ramu. Vumbi letu la kiangazi, na la makarasha juu yake, linaingia mpaka kwenye tundu la ramu. Zima mashine, chomoa waya wa umeme ukutani, toa ramu, safisha meno yake kwa kitambaa kikavu, irudishe mpaka usikie inashika. Mashine ikipiga milio, hesabu milio hiyo na mtajie fundi, kwa sababu kila kampuni imeweka maana yake katika idadi ya milio.

Tuseme picha inakuja na ujumbe unatokea. La kwanza kabisa, usiguse kitu kabla hujaupiga picha kwa simu. Ujumbe ule ndio ushahidi. Fundi akiusoma neno kwa neno atajua aelekee wapi, lakini ukimwambia tu kwamba "imegoma" umemwacha gizani. La pili, chomoa kila kilichochomekwa: flashi, diski ya nje, kisomeo cha kadi, na kama kuna sidii kwenye droo, itoe. Mashine nyingi zimepangwa zianze kutafuta windo kwenye flashi kabla ya diski ya ndani. Mteja alileta flashi yake jana kuchapisha barua, akaisahau, asubuhi mashine inaikuta, inatafuta windo ndani yake, hailioni, inasimama. Chomoa, washa tena. Ikiwaka, kazi imekwisha na hujatumia hata senti.

Haikuwaka? Hapa ndipo ninapowaomba mnisikilize kwa makini, kwa sababu ndipo kompyuta nyingi za mji wetu zinapoonewa.

Kwenye mazabodi kuna betri ndogo ya duara kama sarafu, namba yake CR2032, ya volti 3. Kazi yake ni kuitunzia mashine saa na mipangilio yake wakati umeme haupo. Mashine ikiwa imechomekwa ukutani, hata kama umeizima, umeme kidogo unaendelea kuingia na kuisaidia betri hiyo. Ndiyo maana betri inaweza kuwa imekufa miezi mingi na wewe usijue. Siku umeme unapokatika usiku kucha, msaada ule unaondoka, saa inarudi nyuma miaka kadhaa, na mipangilio yote inafutika. Asubuhi umeme umerudi, unawasha, mashine inaamka ikiwa na mipangilio ya kiwandani. Nawe unasema umeme umeua diski. Diski haijaguswa.

Kwa nini mipangilio ya kiwandani izuie windo kuwaka? Tuliangalie hilo kwa utulivu, maana mafundi wengi vijana wanalipita. Kompyuta nyingi za mezani tunazotumia ni za mtumba, zilitoka kwenye maofisi ya Ulaya na Dubai, Dell na HP za rangi nyeusi mnazozifahamu. Nyingi kati ya zile zilizotengenezwa baada ya 2012, mwaka ambao Windows 8 ilitoka, kiwandani zinapangwa kuwasha kwa utaratibu mpya unaoitwa UEFI. Lakini fundi aliyekuwekea windo, akiwa na flashi yake ya zamani, huenda alibadili mashine itumie utaratibu wa zamani, na diski ikagawanywa kizamani. Yote yakaenda sawa miaka miwili, mitatu. Betri ikafa, umeme ukakatika, mashine ikarudi kwenye utaratibu mpya. Sasa inaitazama diski iliyogawanywa kizamani na kusema hapa hakuna windo. Windo lipo, lakini haliulizwi kwa njia linayoijibu.

Kuna pia tatizo jingine la ukoo huohuo. Mazabodi huwa na njia mbili au tatu za kuzungumza na diski, mafundi wanazijua kwa majina AHCI na RAID. Windo likiwekwa mashine ikiwa kwenye njia moja, kisha mashine ikarudishwa kwenye njia nyingine, windo linaanza kupanda, vidoti vinazunguka, ghafla kioo kinakuwa cha buluu na mashine inajiwasha upya, tena na tena. Mwenye mashine anaapa kwamba ni kirusi. Kumbe ni mpangilio mmoja tu uliobadilika.

Utaijuaje hali hii? Angalia saa. Ingia kwenye mipangilio ya bayosi: kwa Dell nyingi ni kubonyeza F2 mara tu unapowasha, kwa HP nyingi ni F10. Ukikuta tarehe ni ya miaka ya nyuma, umeshapata nusu ya jibu. Piga picha kila ukurasa kwa simu kabla hujabadili lolote. Kisha badili betri, weka saa sahihi, jaribu utaratibu wa kuwasha ule mwingine, jaribu ile njia nyingine ya diski, kimoja kimoja, ukiwasha kila mara kuona matokeo. Usibadili viwili kwa pamoja, maana hutajua kipi kimeponya. Betri yenyewe haifiki bei ya nauli ya kwenda Mbeya mjini na kurudi. Ni watu wangapi wamefutiwa kazi zao kwa sababu ya betri hiyo? Ninaumia nikifikiri jibu.

Tukiwa bado ndani ya bayosi, kuna swali lingine kubwa: je, diski yenyewe inaonekana? Bayosi ina orodha ya vifaa, na jina la diski na ukubwa wake vinapaswa kuwamo. Kama halimo, usiwaze windo hata kidogo, kwa sababu windo haliwekwi kwenye diski isiyoonekana. Zima, chomoa umeme, fungua ubavu wa boksi. Diski ina nyaya mbili, mmoja mpana wa umeme na mmoja mwembamba wa data. Boksi lililosafiri kwenye buti la basi au juu ya lori huweza kulegeza waya wa data, nao waya huo, hasa ule usio na kibanio cha chuma, unatoka kwa urahisi. Ukandamize pande zote mbili. Ukishindwa, chukua waya wa mashine nyingine, chomeka kwenye tundu jingine la mazabodi. Ukishindwa tena, ichukue diski uichomeke kwenye mashine nzima. Ikionekana huko, mgonjwa ni mazabodi au waya. Isipoonekana popote, mgonjwa ni diski.

Na diski ya kuzunguka ina sauti. Ndani yake kuna sahani zinazozunguka mara 7,200 kwa dakika, yaani mara 120 kwa sekunde moja, na kichwa cha kusomea kinaelea juu yake kwa nafasi ndogo kuliko punje ya vumbi. Weka sikio karibu. Ukisikia mvumo laini, vyema. Ukisikia mgongano unaojirudia, tak, tak, tak, basi zima mara moja. Kila dakika unayoiacha iendelee, kichwa kinaweza kuwa kinakwangua kazi zako. Na kamwe usiruhusu mtu afungue diski juu ya meza mjini kwetu akidai anaisafisha. Vumbi la Makongolosi likiingia mle ndani, mambo yamekwisha.

Tuje hatua ya tatu. Diski inaonekana, haipigi kelele, mipangilio iko sawa, ila windo halipandi. Hapo kweli kuna uwezekano kwamba mafaili ya kuwashia yameharibika. Sababu kubwa kwetu ni umeme kukatika wakati windo linajisasisha, au mtu kuzima kwa kuchomoa ukutani. Lakini hata hapa kufuta siyo hatua inayofuata. Kwanza ipime afya ya diski. Diski zenyewe hujiandikia kumbukumbu za makosa yake, na mashine nyingi zina kipimo cha ndani: kwa Dell utakipata kwenye menyu ya F12, kwa HP kwenye F2. Kipimo kikisema diski inakufa, usihangaike kurekebisha windo juu yake, wala usiitume kujikagua sekta zake kwa masaa, maana kazi hiyo nzito inaweza kuimaliza. Nakili kwanza.

Unanakili vipi kutoka kwenye mashine isiyowaka? Kwa flashi. Kuna mifumo ya bure ya Linux, kama Ubuntu, ambayo Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini aliianzisha mwaka 2004, inayoweza kuwaka kutoka kwenye flashi bila kugusa diski yako. Ukishaiwasha, unafungua diski kama kawaida, unachukua mikataba, picha na orodha, unaweka kwenye diski ya nje. Fundi yeyote anayejiita fundi anapaswa kuwa na flashi hiyo kwenye begi lake. Kazi zikiwa salama, ndipo unachomeka flashi ya windo na kuchagua kurekebisha, halafu, ikishindikana kabisa, kuweka upya.

Sasa mnielewe kwa nini naling'ang'ania hili. Windo jipya likiwekwa, linaandika gigabaiti nyingi juu ya nafasi ya kazi zako za zamani. Kwenye diski ya kuzunguka, mtaalamu anaweza kuokoa kiasi. Kwenye hizi diski mpya zisizozunguka, SSD, ukishaifomati, mfumo unaiambia diski isafishe nafasi hiyo, na mara nyingi hakuna kurudi nyuma.

Hapa nazungumza na sisi wateja, siyo mafundi peke yao. Tumejizoesha kulipia kitu tunachokiona. Fundi akikwambia, "Mama, nimeangalia kwa saa moja, ilikuwa betri, naomba hela ya kazi," unamwambia betri tu ndiyo hela yote hiyo? Lakini akikurudishia mashine ina windo jipya linalong'aa, unalipa bila neno. Basi tunamfundisha nini kijana yule? Tunamfundisha kwamba kufuta kunalipa na kufikiri hakulipi. Vijana wanatoka VETA, wanatoka Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, wana maarifa ya kuchunguza, wakifika sokoni soko linawanyang'anya. Napendekeza wenye steshenari na wenye ofisi za Makongolosi tukubaliane na mafundi wetu ada ya uchunguzi, inayolipwa hata kama dawa ni kukandamiza waya. Fundi naye aandike kwenye karatasi: nimekuta nini, nimebadili nini, mipangilio ilikuwaje. Karatasi hiyo ibandikwe ndani ya mfuniko wa boksi. Betri ikifa tena baada ya miaka, fundi yeyote atakayefungua ataujua utaratibu wa mashine hiyo.

Na kuna upande wa sheria. Ndani ya mashine ya steshenari kuna vivuli vya vitambulisho vya NIDA, namba za simu, vyeti vya watoto wa watu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na inamtaka anayeshika taarifa za watu azitunze. Ukimkabidhi fundi diski, umemkabidhi na taarifa hizo. Mjue fundi wako, mwambie kilichomo, na diski mbovu usiitupe jalalani nzima.

Kwamba mashine bila watu wanaoielewa ni hasara, nchi yetu ilishawahi kujifunza kwa gharama. Kompyuta ya kwanza ya serikali iliingia Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974 serikali ikazuia kuingiza kompyuta nchini isipokuwa kwa kibali maalumu, baada ya fedha nyingi kuingia kwenye mitambo ambayo wataalamu wetu wa kuiendesha walikuwa wachache mno. Leo mashine zimejaa, hata huku barabara ya lami kutoka Mbeya inakoishia kwetu. Kuwa na mashine kumekuwa rahisi. Kinachohitaji juhudi ni kuwa na watu wanaoielewa, na watu hao hawawezi kukua pale ambapo uelewa wao haulipwi.

Nimalizie kwa mambo ya kufanya. Ukinunua kompyuta ya mtumba, mwambie muuzaji aichomoe kabisa ukutani, mpige soga nusu saa, kisha awashe mbele yako. Saa ikirudi nyuma, betri imekufa, ibadilishwe kabla hujatoa hela. Weka UPS, yaani betri ya akiba inayoshikilia umeme ukikatika, kati ya mashine na ukuta, hasa wakati wa radi za masika. Kazi zako ziwe mahali pawili, kwenye mashine na kwenye diski ya nje inayolala nyumbani. Akiba haiozi, nayo nakala ya mkataba wa duara ni akiba.

Na siku mashine itakapogoma, usikubali mtu yeyote apige windo kabla hajakujibu maswali matatu. Moja, diski inaonekana kwenye bayosi? Mbili, afya yake ikoje? Tatu, kazi zangu utazinakili wapi kabla hujaanza? Fundi mwenye majibu, mlipe vizuri na uwaelekeze wengine kwake. Asiye na majibu, chukua boksi lako, mshukuru kwa muda wake, umtafute mwingine.